Kununua Kompyuta Iliyokwisha Tumika

Kununua kitu kilichokwisha tumiwa na mtu mwingine si jambo geni katika mji wa Dar es Salaam, wala si jambo la aibu. Wazee wetu walivaa makoti waliyoyaita kafa Ulaya, kwa kudhani kuwa wenyewe wa kwanza walikuwa wamekufa huko yalikotoka. Jina lile lilikuwa na mzaha ndani yake, na labda hofu kidogo pia. Baadaye, biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, nguo hizo zilikuja kwa wingi zikiwa zimefungwa katika marobota, na jina likageuka likawa mitumba. Mtumba ni mzigo uliofungwa tu. Hautaji habari ya maiti. Tangu hapo neno hilo limetoka katika nguo likaingia katika magari, majokofu, magodoro na, katika siku zetu hizi, kompyuta.

Nataka kusema habari za kompyuta, na hasa za aina moja ambayo lugha yetu haijaipatia bado jina lililotulia. Ni ile iliyouzwa, ikarudi kwa aliyeiunda kwa sababu fulani, ikatengenezwa upya na kiwanda kile kile, kisha ikauzwa mara ya pili kwa bei ya chini. Wauzaji wa Kariakoo huiita refabishi. Wengine husema ya kiwanda, na neno hilo, kama nitakavyoonyesha, laweza kumfunika mteja macho mchana kweupe.

Haja yangu ilikuwa hii. Kati ya mwaka 2004 na 2009 nilizunguka Rufiji na Kilwa nikikusanya hadithi na nyimbo za kazi kutoka kwa wanawake wazee. Zimebaki kwangu kaseti 64. Wengi wa waliozisema wamekwisha tangulia mbele ya haki, na sauti zao hazipo mahali pengine popote duniani ila katika sanduku moja chini ya kitanda changu huko Mbagala. Ukanda wa kaseti ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa chuma wenye sumaku. Joto na unyevu wa pwani huulegeza unga huo kidogo kidogo, na sauti huondoka nao. Kaseti haingoji mshahara.

Watu wengi watauliza kwa nini sikununua kompyuta ya kupakata, ambayo mtu aweza kwenda nayo darasani. Sababu ni tundu. Kompyuta nyingi za mezani zina nyuma yake tundu la rangi ya buluu la kuingizia sauti kutoka katika chombo kingine, kama vile redio ya kaseti. Zile za kupakata aghalabu zimelipoteza tundu hilo. Tena sanduku la mezani hufunguliwa kwa bisibisi moja, diski ya pili ikawekwa kando ya ile ya kwanza, na kitu kimoja kikifa hubadilishwa hicho peke yake. Mpya ya namna hiyo nilitajiwa shilingi 1,900,000. Iliyotengenezwa upya nilitajiwa shilingi 550,000. Mhadhiri mwenye watoto watatu shuleni hahitaji hesabu ndefu mbele ya tarakimu mbili kama hizo.

Yafaa tukumbuke kuwa kompyuta haikuingia nchini mwetu kama bidhaa ya dukani. Ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini pasipo ruhusa maalumu, na mpaka miaka ya 1990 mtu wa kawaida alikuwa akizisikia tu, kama anavyosikia habari za theluji. Mimi niliigusa ya kwanza nikiwa mwanafunzi, tukiwa watu watano mbele ya kioo kimoja, na aliyeshika kipanya alikuwa kama nahodha. Wataalamu wa lugha nao wakawa na shughuli yao: wako waliopendekeza ngamizi, wako waliopendekeza tarakilishi. Wauza vifaa hawakungoja fatwa. Wakasema kompyuta, na sisi tumewafuata. Sioni vibaya. Neno la tarakilishi ni zuri na limeundwa kwa akili, lakini sijamsikia dereva wa bajaji akilitumia, na bajaji ndiyo iliyobeba yangu mpaka nyumbani.

Duka la kwanza nililoliingia lilikuwa Kinondoni, kando ya barabara yenye vumbi. Juu ya mlango palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: KOMPYUTA ZILIZOTENGENEZWA KIWANDANI. Nilifuatana na mtoto wa kaka yangu, asomaye uhandisi. Kijana muuzaji alitupokea kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kibao chako chasema zimetengenezwa kiwandani. Zimetengenezwa, au zimetengenezwa upya?"

"Ni mamoja, mama. Zote za kiwanda. Hii haijaguswa na fundi wa hapa."

Sikumlaumu kijana, maana lugha yenyewe ilikuwa upande wake. Kitenzi kutengeneza kimetoka katika kutengenea, yaani kuwa katika hali iliyo sawa. Kutengeneza ni kukifanya kitu kiwe sawa. Kiwanda kinachounda sahani kutoka udongo chatengeneza. Fundi anayeshona kiatu kilichochanika naye atengeneza. Ziko lugha zenye kitenzi kimoja cha kuunda na kingine cha kuponya, lakini chetu ni kimoja, na kwa kawaida hutufaa, kwa sababu mazingira ya maneno humweleza msikilizaji ni lipi linalokusudiwa. Juu ya mlango wa duka hapana mazingira. Kibao kile kilikuwa kweli tupu, kwani hapana kompyuta duniani isiyotengenezwa kiwandani. Hata iliyookotwa jalalani ilitengenezwa kiwandani. Neno upya lilikuwa limebaki nje, na ndilo lililokuwa na thamani ya shilingi laki moja na nusu katika bei.

Maana tofauti ya vitu vyenyewe ni kubwa. Kampuni kama Dell, HP na Lenovo hupokea mashine zinazorudi kwa njia nyingi. Mteja amenunua akaghairi baada ya siku chache. Sanduku limebonyea melini na mnunuzi amelikataa. Ofisi imekodi kompyuta mia tatu kwa miaka mitatu na muda umekwisha. Mashine iliyorudi hupimwa, kasoro yake hutafutwa, kiungo kibovu hubadilishwa, diski hufutwa kwa utaratibu unaojulikana au huwekwa nyingine, kisha mashine hupewa kibandiko kipya kinachokiri kwamba imetengenezwa upya, pamoja na udhamini wa muda maalumu. Kukiri huko ndiko kunakoitofautisha. Kiwanda chasema: kitu hiki kilikuwa cha mwingine, nami nakidhamini. Mbali na hizo, ziko zinazotengenezwa na makampuni mengine yenye ruhusa, na kazi yao yaweza kuwa nzuri. Tena ziko zilizopangushwa vumbi kwa kitambaa, zikapigwa rangi mahali palipochubuka, zikaingia katika kontena. Zote tatu hufika Kurasini katika bahari moja, na zikishatoka bandarini zaweza kupata jina moja.

Jambo jingine yampasa mnunuzi alijue: hata ile iliyo ya kiwanda kweli haikutengenezwa upya kwa ajili yetu. Iliuzwa mara ya pili huko huko, na imetufikia baada ya mkono wa tatu au wa nne. Udhamini wake aghalabu ni wa nchi ile iliyouzwa, au umekwisha njiani. Kinachotufikia ni uzuri wa kazi iliyofanywa, si ahadi iliyoandikwa. Ahadi tunayopata ni ya mwenye duka, na muda wake huwa miezi mitatu, au mwezi mmoja, au "mpaka utakapofika nyumbani", kama alivyosema mmoja wao kwa mzaha ambao sikuupenda.

Mtoto wa kaka yangu aliomba ruhusa ya kuichunguza ile mashine, na kijana hakukataa. Diski ya kompyuta ina tabia ambayo wengi hawaijui: hujiwekea yenyewe hesabu ya saa zote ilizowahi kuwa katika umeme, na kufuta maandishi hakufuti hesabu hiyo. Kijana alikuwa ametuambia kuwa kompyuta ilitumika miezi sita tu kabla ya kurudishwa kiwandani. Diski ilisema saa 31,000. Mwaka mzima una saa 8,760; kwa hiyo miezi sita, hata kama mashine haikuzimwa usiku wala mchana, haifikishi saa 4,400. Saa 31,000 ni zaidi ya miaka mitatu na nusu ya kukesha.

"Shangazi," akaniambia kwa sauti ya chini, "tazama na hapa."

Diski haikufutwa. Palikuwa na folda iliyojaa barua za kliniki ya meno ya mji fulani wa ng'ambo. Majina ya wagonjwa yalikuwamo, na tarehe zao za kuzaliwa, na madeni yao, na mmoja aliyeandikiwa kwa upole kwamba ugonjwa wa fizi zake umezidi. Nilisoma barua moja, nikaacha. Nilijiona kama mtu aliyepewa koti la mtumba akatia mkono mfukoni akashika barua ya wenyewe. Watu hao hawajui kwamba ipo barabara ya vumbi huko Kinondoni ambapo habari za meno yao zauzwa pamoja na kipanya na waya. Sisi nasi tusijione salama. Kompyuta za idara na shule zetu huuzwa mnadani zikichakaa, na ndani yake mna alama za wanafunzi, barua za nidhamu, na maswali ya mitihani. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sijui ni makarani wangapi wanaofikiri kuwa sheria hiyo yaihusu diski iliyo ndani ya sanduku lenye kutu lililo chini ya ngazi.

Nilimwonyesha kijana. Aliona haya kwa kweli, akaifuta folda ile mbele yetu, ingawa kufuta kwa namna hiyo ni kama kung'oa ukurasa wa yaliyomo na kuacha kitabu kizima. Mtoto wa kaka yangu akamfundisha njia ya kuifuta diski yote mpaka mwisho. Alipojua kazi yangu, kijana aliniomba jambo.

"Mama, kama wewe ni mwalimu wa Kiswahili, basi niambie kibao niandike nini."

"Zilizotengenezwa upya na kiwanda. Lakini ziwe hizo kweli."

Akahesabu kwa kidole hewani. "Herufi 29, mama. Mchora vibao hutoza kwa herufi. Na hizi ambazo hazikurudi kiwandani?"

"Zilizotumika."

"Hilo halivuti mteja. Heri mtumba. Herufi sita, na kila mtu alijua."

Sikuwa na jibu, wala sidhani kuwa Baraza lingekuwa nalo. Neno kukarabati lipo, lakini masikioni mwa wengi ni neno la nyumba na barabara. Kufufua ni kubwa mno kwa chombo. Kuhuisha twakutumia kwa programu na taarifa. Nilitoka pale nikiwa na heshima kwa kijana yule kuliko nilivyoingia nayo, na kompyuta yake sikuinunua.

Duka la pili lilikuwa Temeke, si mbali na soko la Tandika. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, amekaa juu ya kigoda, sanduku la kompyuta limefunguliwa mbele yake kama kuku anayechunwa. "Karibu, dada," alisema, na kabla sijauliza akaendelea: "Hizi zote ni mitumba. Nimezisafisha mwenyewe, nimebadilisha betri ndogo ya saa, nimepaka dawa ya joto juu ya prosesa. Ya kiwanda ninayo moja tu, na bei yake imezidi." Alinipa tochi nikasoma kibandiko. Namba iliyokuwa ubavuni ndiyo iliyotokea kwenye kioo mashine ilipowashwa, na ndiyo iliyokubaliwa katika tovuti ya kampuni iliyoiunda. Namba tatu zinapokubaliana, uwongo huwa na kazi ngumu. Diski ilikuwa na saa 212 tu: kiwanda kilikuwa kimeweka mpya.

Alinifundisha na mambo mawili ambayo nawapa wasomaji bure. La kwanza ni umeme. Wetu ni wa volti 230; wa Marekani ni wa volti 120. Mashine nyingi za zamani zilizotoka huko zina swichi ndogo nyekundu kwa nyuma, penye kisanduku cha umeme, yenye alama za 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 kisha ikachomekwa ukutani kwetu, hulia mara moja, hutoa harufu, na safari yake yote ya bahari imekuwa bure. Za miaka ya karibuni aghalabu hujirekebisha zenyewe.

La pili ni umri, na hapa ndipo penye mtego wa wakati huu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wake wa kawaida. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, kwa kanuni zake haizikubali karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Mashine ni nzima, yawaka, yafanya hesabu, lakini imetangazwa kuwa kizee. Ofisi za nchi tajiri zikazitoa mlangoni kwa maelfu, na bei ikashuka huku kwetu, na mnunuzi asiyejua afurahia bei asijue kwa nini imeshuka. Mwenye duka alinionyesha mbili zinazofanana kama mapacha: moja ya kizazi cha saba, shilingi 280,000, moja ya kizazi cha nane, ile ya kiwanda, shilingi 550,000. "Hii ya rahisi," alisema, "tia Linux utumie miaka mingine mitano. Lakini usimuuzie mtu ukamwambia ni sawa na hii." Maneno yake ni ya haki. Kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu, ile ya kizazi cha saba yenye Linux, ambayo haina malipo, ni bora kuliko deni.

Wako wasemao kuwa Afrika imefanywa jalala la vyombo vya wenzetu, na wanayo hoja. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, ambao Tanzania ni mwanachama wake, ulikusudia kuzuia jambo hilo, na tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za vyombo vya umeme, zenye sumu na zisizo na sumu, hazipaswi kuvuka mpaka pasipo idhini ya nchi inayozipokea. Walakini chombo kinachofanya kazi si taka. Je, kompyuta ya kizazi cha saba ni taka? Huko ilikotoka imetupwa. Tandika yasubiriwa na msichana mwenye kazi ya kuchapa barua za watu sokoni. Mimi sikubali kwamba aliyeichoka mashine ndiye mwenye haki ya kuipa jina kwa niaba yetu sote. Lakini wala sikubaliani na wafanyabiashara wasemao kuwa kila kontena ni neema, kwa sababu nimeona nyuma ya maduka yao vioo vilivyopasuka na mbao za saketi zikichomwa ili shaba ipatikane, na moshi wake waelekea madirishani mwa watu wanaopika.

Nilipunguziwa shilingi 30,000, nikalipa, nikapewa risiti yenye namba ya mashine, jambo ambalo nalihimiza kwa kila mnunuzi, kwa sababu udhamini usio na namba ni maneno ya kuagana. Kisha nikaongeza kifaa cha kuhifadhi umeme kidogo kwa dakika chache, maana kompyuta ya mezani haina betri yake, na LUKU inaweza kuisha katikati ya hadithi.

Kunakili kaseti hakuna njia ya mkato. Kaseti ya dakika sitini huchukua dakika sitini, na mtu yampasa akae karibu asikilize, kwa kuwa ukanda hukwama. Nafanya kazi hiyo usiku, majirani wakiisha kulala na redio zao zikinyamaza. Mpaka leo nimemaliza kaseti 23, kila moja katika diski mbili, na nakala ya tatu iko kwa mtoto wa kaka yangu. Kaseti ya 17 ilikuwa imeshikana kwa unyevu na ilinichukua siku mbili kuifungua na kuihamishia katika kasha jingine. Dakika tisa za mwanzo zimepotea. Baada ya hizo yasikika sauti ya bibi mmoja wa Kilwa Kivinje akimwambia mtu mwingine aondoe kuku, kisha aanza.